Kinywa cha Siwema

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Wanasema ukisimulia hadithi mchana utaota mkia. Basi na uote, nitaukalia. Umeme umekatika, mashine haisagi, mahindi yenu yamo kwenye magunia, na mwenye mashine mwenyewe hajui umeme utarudi saa ngapi. Sogeeni. Wakubwa nanyi wekeni simu mifukoni. Nawaambia mapema, hadithi hii haina kicheko kingi. Asije mtu kesho kunigombeza eti mtoto wake kakataa kula samaki.

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa. Si lile ziwa kubwa la meli. Ziwa dogo, la maji baridi, limezungukwa na mafunjo pande zote, na chini ni matope. Humo waliishi perege. Waliishi kuyu, wale samaki walamba matope. Aliishi Chura. Na chini ya mzizi wa mti uliooza, penye giza totoro, aliishi Kambare.

Kambare alikuwa mmoja tu, naye alitosha. Kichwa kipana. Sharubu ndefu. Macho madogo. Kambare hakumkimbiza mtu. Alitulia. Alitulia, alitulia, alitulia, kisha nyap! Aliyekuwepo hayupo.

Sasa sikilizeni desturi ya perege, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Perege mama akitaga, mayai yake hayaachi chini. Anayachukua kinywani. Yanaanguliwa humo humo kinywani. Watoto wanakua humo. Wakipata nguvu kidogo anawatoa nje, walambe ukoga kwenye mabua ya mafunjo, naye anasimama hapo hapo kuwalinda. Kivuli kikipita juu ya maji, anaimba:

Kivuli, kivuli,
rudini nyumbani.

Na watoto wanaitika:

Mama fungua, mama fungua,
tunaingia.

Suu! Wote ndani. Kinywa kinafumba. Hata ukipita karibu hutajua kama pana mtoto. Hebu itikeni nanyi. Kivuli, kivuli, rudini nyumbani.

— Mama fungua, mama fungua, tunaingia.

Vizuri. Na siku zote hizo, mama hali. Hiyo ndiyo sheria ya perege: kinywa chenye watoto hakipokei tonge. Hata watoto wakiwa nje wanacheza, yeye hali. Kwa nini? Kwa sababu hatari haipigi hodi. Ikija umejaza chakula kinywani, watoto wataingia wapi? Basi mama anashinda na njaa. Leo njaa, kesho njaa, keshokutwa njaa, mpaka watoto wamefika urefu wa kidole. Anakonda, kichwa kinabaki kikubwa, mwili unakwisha. Wengine hufa. Ni sheria ngumu, sikatai. Lakini perege wapo kwa sababu yake.

Katika ziwa lile palikuwa na perege mmoja, jina lake Siwema. Siwema alizaa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mgeni wa mambo, akawatoa watoto mbali na mafunjo, Kambare akawala. Mara ya pili mafuriko yalikuja, watoto wakatawanyika, Kambare akawala. Sasa amezaa mara ya tatu. Watoto arobaini. Siku alipowatoa nje mara ya kwanza aliwatazama mmoja mmoja, akawaambia, "Wanangu, mimi nimezeeka. Sitazaa tena. Nyinyi ndio mnaobaki."

Mnasikia? Arobaini, na hakuna wengine wanaokuja.

Siku moja asubuhi akaja mtu. Akaja na mwanzi mrefu, na kigoda, na ndoo, na kikapu chenye kifuniko. Akakaa ukingoni. Chura alikuwa juu ya jani, akamwona vizuri, maana Chura ana macho ya huku na huko: nusu anaishi majini, nusu nchi kavu.

Mtu yule akaingiza mkono kwenye ndoo. Akatoa perege mdogo, mzima, anayepumua. Akamdunga ndoana mgongoni, taratibu, asife. Akamtupa majini karibu na ule mzizi. Tumbwi!

Perege mdogo akaogelea upande upande. Kambare akamwona. Kambare akatulia. Akatulia. Akatulia. Nyap!

Mwanzi ukapinda! Maji yakachafuka! Kambare akavuta kwenda chini, mtu akavuta kwenda juu. Chini. Juu. Chini. Juu. Matope yakatibuka ziwa zima, samaki hawaonani. Mwisho, Kambare akapaa juu ya matope. Perege walimwona kwa macho yao akipita juu ya vichwa vyao, sharubu zinaning'inia, akatoka majini, asirudi.

Matope yakatua.

"Ameondoka?" akauliza perege mmoja.

"Ameondoka."

"Kweli kweli?"

Wakaenda kwenye mzizi, wakachungulia. Tupu. Hapo zikaanza shangwe! Perege wakacheza, kuyu wakacheza, watoto wakaogelea mahali ambapo baba zao hawakuwahi kufika. Siwema hakuweza kupiga kigelegele, kinywa kilijaa watoto. Alibaki ndani ya mafunjo peke yake, analia kwa furaha. Mara mbili Kambare alimfanya tasa. Leo kuna aliyemlipizia kisasi, wala hakumwomba.

Chura akaruka majini. "Jamani," akasema, "mmeona alichomvulia? Alimvua kwa chambo cha mtoto wenu. Nimemwona, ndoana mgongoni, yu hai."

"Mtoto wa nani?"

"Simjui wa nani. Wa perege."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Kambare alikula kumi kwa siku," wakasema. "Huyu ametumia mmoja tu, na tumepona wote. Wewe Chura hesabu hujui?"

Wakacheka. Hakuna aliyeuliza tena yule mtoto alikuwa wa nani. Na mimi sijui, msiniulize.

Kesho yake mtu yule akarudi. Akaweka kigoda pale pale. Leo hakuwa na mwanzi. Alikuwa na ndoo ya pumba, pumba kama hizo mlizozikalia, amezikanda na ugali wa jana, zinanukia mpaka ng'ambo. Akafinyanga tonge. Akalitupa. Tumbwi! Akafinyanga lingine. Tumbwi! Lingine. Tumbwi! Yote mahali pamoja, nje ya mafunjo, penye maji meupe. Akamaliza. Akanawa mikono. Akaenda zake.

Kuna watu hapa wanaovua kwa mshipi, nawaona wanatabasamu. Wanajua. Mvuvi mwenye pupa hutupa ndoana siku ya kwanza. Anapata samaki mmoja mjinga, wengine wanatawanyika, anarudi nyumbani kununa. Huyu hakuwa na pupa. Huyu alitaka samaki wazoee mahali, wazoee saa, wazoee mkono.

Perege wakayatazama matonge kwa mbali. Hakuna aliyesogea. Akasogea Mzee Kuyu.

Mzee Kuyu alikuwa mkubwa wa samaki wote waliobaki. Maisha yake yote amekula matope. Akanusa tonge. Akaonja. Akafumba macho, ingawa samaki hana kope. Mimi ndiye ninayesema alifumba. Akala lote. Akala la pili. Akala la tatu.

"Vipi, babu?" wakamwuliza.

"Njooni," akasema. "Kumbe leo ndiyo tumezaliwa."

Wakaenda. Siku ile wakala, siku ya pili wakala. Siku ya tatu mtu akaja na matonge na mwanzi pia. Matonge yakaanguka, tumbwi, tumbwi, na tonge moja lilikuwa na uzi mwembamba. Mzee Kuyu, mwenye haraka ya kula, akalimeza hilo hilo. Mara akaenda juu! Pa pa pa pa! Akapotea.

Samaki wakaganda. Wakahesabu pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Tumbwi! Mzee Kuyu huyo amerudi, mdomo unavuja damu.

"Babu! Kumetokea nini?"

Mzee Kuyu akatulia kwanza, apate pumzi, apate na heshima. Kisha akasema, "Nimepanda juu. Nimemwona uso kwa uso. Mwiba uliniingia mdomoni, sijui umetoka wapi. Akanishika kwa mikono miwili. Akanitazama machoni. Akautoa ule mwiba kwa mkono wake mwenyewe, akanirudisha majini. Yule si mvuvi. Yule ni Mlishaji."

"Mlishaji!" wakasema samaki.

"Acheni uongo," akasema Chura. "Mimi nilikuwepo hapo majanini. Mwiba ni wake. Ndoana ni yake. Amekushika, amekupima, akasema, 'Kuyu! Miiba mitupu. Nani atakula hii?' Akakutupa. Amekurudisha kwa sababu hufai kuliwa, mzee. Na kile kikapu chake nimekichungulia. Ndani kuna magamba."

Mzee Kuyu akavimba. "Wewe umewahi kushikwa naye?"

"Sijashikwa."

"Kovu unalo?"

"Sina."

"Basi nyamaza, unazungumza na aliyepanda." Akawageukia wenziwe. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Samaki wakaangua kicheko, mapovu yakajaa juu ya ziwa. Kusema kweli Chura hakujisaidia. Amepiga kelele usiku na mchana tangu azaliwe, kwa mvua, kwa jua, kwa mapenzi, kwa bure tu. Siku alipokuwa na neno, lilifanana na yale mengine. Kuanzia hapo Mzee Kuyu akawa haogelei, anapita. Anatanguliza mdomo wenye kovu, na samaki wanampisha.

Siwema alikuwa bado kwenye mafunjo. Harufu ya pumba ilimfikia kila asubuhi. Ilikuwa siku yake ya kumi na mbili bila tonge. Mbavu zilihesabika. Alipowatoa watoto kulamba ukoga, alijiegemeza kwenye bua asianguke kiubavu. Wanawake mliozaa mnajua njaa ya namna ile, inayokula na akili.

Mzee Kuyu akaja. Ametanguliza mdomo.

"Shikamoo, babu," akasema Siwema. Watoto walikuwa nje, ndiyo maana aliweza kusema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Namalizia siku zangu. Bado siku nane watoto wafike kidole."

"Siku nane hufiki. Nakutazama hapa, siku tatu hufiki."

Siwema akajiegemeza tena kwenye bua.

"Ukifa, kinywa kinafumba au kinafumbuka?" akauliza Mzee Kuyu.

"Sijui, babu."

"Kinafumba. Nimeona wengi. Watoto arobaini ndani ya kinywa cha maiti, mama, nani atawafungulia?"

"Babu, usiniambie hivyo."

"Nani atakuambia kama si mimi? Sheria ya kutokula iliwekwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya Kambare? Kambare yuko wapi? Nani aliyemwondoa? Unamkimbia nani, mwanangu? Njoo ule tonge moja. Watoto watacheza pembeni yako, maji meupe, unawaona wote. Hakuna wa kuwala."

"Sheria ni sheria, babu. Mama yangu aliishika."

"Mama yako alikufa kwa njaa," akasema Mzee Kuyu. "Nilikuwepo."

Hilo lilikuwa kweli. Angekuwa muongo wa moja kwa moja, Siwema angemfukuza. Lakini mzee alisema kweli, na alisema kwa huruma. Hakutumwa na mtu. Aliamini kila neno. Mimi yule Kuyu namchukia kuliko Kambare, na nimeshindwa kumpata na kosa la makusudi.

Siwema akafikiri usiku kucha. Akamfikiria Kambare na watoto wa kwanza. Akamfikiria Kambare na watoto wa pili. Aliyeniondolea yule, akasema moyoni, atanidhuru vipi?

Asubuhi akatoka kwenye mafunjo. Akawatoa watoto kwenye maji meupe. Chura akamwona, akaja mbio, cha cha cha.

"Mama Siwema! Rudi!"

"Bwana Chura, nina njaa."

"Najua una njaa. Lamba ukoga. Nitakuletea mbu, nitakuletea chochote. Usile kile. Nakuomba, dada yangu. Sijawahi kukuomba kitu."

"Mbu wangapi watanishibisha, bwana Chura? Watoto wangu wakinifia mdomoni utakuja kuimba matanga?"

Hapo Chura alipaswa kupiga kelele kuliko siku zote, na hapo ndipo alipoishiwa.

Tumbwi! Tonge likaanguka. Siwema akatazama juu, akatazama watoto, akala.

Hakikutokea kitu.

Tonge tamu! Nguvu zikamrudia mkiani. Akacheka na watoto. Kesho yake akaja tena. Tumbwi! Akala. Hakikutokea kitu. Keshokutwa akaja tena. Tumbwi! Akala. Hakikutokea kitu. Kinamama wengine wenye watoto vinywani wakamwona anavyonawiri. Wakasema, kumbe! Nao wakatoka kwenye mafunjo, mmoja, wawili, watano, wote. Wakawaacha watoto wacheze, wakala. Kivuli cha mtu kililala juu ya maji kila asubuhi, na hakuna mama aliyeimba. Watoto wadogo kabisa walianza kuusahau ule wimbo.

Wa Siwema hawakuusahau. Aliwafundisha vizuri mno.

Siku ya nne ya kula kwake, mtu akaja na mwanzi. Akatupa tonge, tumbwi. Akatupa tonge, tumbwi. Akatupa tonge, na hilo lilianguka taratibu kuliko mengine. Siwema alikuwa wa kwanza siku hiyo. Alishapona, ana mbio. Akalidaka.

Mwiba!

Akarudi nyuma. Uzi ukakaza. Akaenda kulia, uzi. Akaenda kushoto, uzi. Pa pa pa pa pa! Matope yakatibuka. Kinamama wengine wakakimbia. Mzee Kuyu akasogea pembeni, akasema, "Tulia, mwanangu, tulia, anakuja kukutoa mwiba."

Watoto wa Siwema walikuwa wanacheza kando. Wakaona maji meusi. Wakaona mama anapigapiga. Wakaogopa. Na mtoto wa perege akiogopa anakimbilia wapi? Amefundishwa mahali pamoja tu.

Mama fungua, mama fungua,
tunaingia.

Siwema akawasikia. Akataka kusema, "Kimbieni!" Ndoana imeshika ulimi, sauti haitoki. Akataka kufumba. Siku zote za maisha yake alifumba watoto wakiwa ndani. Leo kwa mara ya kwanza alitaka kufumba wakiwa nje. Uzi ukavuta juu. Kinywa hakifumbi. Kinavutwa, kiko wazi, kiko wazi kuliko siku zote.

Mama fungua, mama fungua,
tunaingia.

Suu! Wakaingia. Kumi. Suu! Ishirini. Akatikisa kichwa kuwatupa nje, wakadhani ni kivuli, wakaingia ndani zaidi. Suu! Wote arobaini, mpaka wa mwisho, yule mdogo aliyekuwa mzito wa kuogelea. Hata yeye aliwahi.

Kisha maji yakaisha. Likawa jua.

Chura ndiye aliyeona yaliyofuata, na Chura ndiye aliyesimulia. Mtu alimshika Siwema kwa mikono miwili. Hapo Mzee Kuyu hakudanganya, mikono ilikuwa miwili. Akamfungua kinywa atoe ndoana yake. Watoto wakamwagika kwenye nyasi.

"Loo!" akasema mtu. "Kumbe una mzigo."

Akamkung'uta mara mbili, kinywa kielekee chini, wamalizike. Akafungua kikapu, akamtia, akafunika. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na furaha. Akafinyanga tonge lingine.

Chura akaruka kwenye nyasi. Akaanza kuwasukuma watoto majini kwa miguu ya nyuma. Mmoja. Jua linachoma. Wa pili. Kigoda kikasogea, akaruka pembeni, akarudi. Wa tatu. Alipomfikia wa nne alikuwa ameshakauka. Na wa tano. Na wa sita. Akamsukuma wa saba hivyo hivyo, akijua. Kisha akaacha.

Watatu wale wakaingia majini. Hawakujua mama yuko wapi. Walijua tu kwamba kuna hatari na mahali pa kwenda ni kinywani. Wakaenda kwa jirani yao, perege mama, rafiki wa Siwema.

Mama fungua, mama fungua,
tunaingia.

Jirani alikuwa na tonge kinywani. Akatikisa kichwa, akaogelea mbele. Wakaenda kwa mwingine. Naye alikuwa na tonge. Wakaenda kwa wa tatu, kwa wa nne. Kila kinywa kimejaa ugali. Watoto wao wenyewe walikuwa nje, nani angefungulia wa mwenzake? Mwisho wakamwona Mzee Kuyu.

Babu fungua, babu fungua,
tunaingia.

Mzee Kuyu akawatazama. Aliwajua ni wa nani. Akaona aibu, nasema haki yake, aliona aibu. Lakini tonge lilikuwa kubwa, na lilikuwa tamu, na hakutaka kulitema. Akageuza uso. Akaendelea kutafuna.

Mdiria, yule ndege mla samaki, alikuwa kwenye tete, amewatazama muda mrefu, watoto watatu maji meupe, hawana mtu. Akashuka mara moja. Akashuka mara mbili. Akashuka mara tatu.

Sasa mtoto mmoja ananiuliza hapa, na Kuyu je? Kuyu naye alinaswa? Mnataka niseme alinaswa, mpate kulala. Hakunaswa. Nani amle, miiba mitupu? Mzee Kuyu aliishi miaka mingi. Alinenepa. Samaki walipomwuliza Siwema yuko wapi, alisema, "Amepanda. Amependwa mno, ndiyo maana hajarudishwa." Na asubuhi iliyofuata tonge likaanguka, tumbwi, wakaenda. Na iliyofuata, tumbwi, wakaenda. Na kikapu hakikurudi nyumbani kitupu hata siku moja.

Chura yeye alihama. Akaenda kwenye dimbwi la njiani, lisilo na samaki.

Mafunzo ya hadithi hii nayasema wazi, nisije nikasingiziwa. Anayekulisha kila siku na hakujui jina, muulize anataka nini, uulize kabla ya kumeza. Aliyemwondoa adui yako si lazima awe rafiki yako. Huenda na yeye ana njaa. Aliyeingia mkononi mwa mtu akarudi na kovu, mhurumie, lakini usimfanye kiongozi. Na nyinyi kinamama na kinababa, sheria ya kulinda watoto msiivunje kwa sababu hatari mliyoizoea imeondoka. Hatari inabadilisha sura. Mtoto habadilishi, anakimbilia pale pale mlipomfundisha, hata pawe na ndoana.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye maji meupe. Aliyetaka mwisho mtamu amfuate msimulizi mwingine. Mimi huu ndio nilioukuta.